Mwaka Kisigino Kilipokataa

Ngoma ilisikika kwanza. Kabla bendera haijaonekana, kabla kanzu nyeupe hazijakata kona ya nyumba za kanjo, zile za halmashauri ya jiji, pale mtaani Jericho, mdundo ulikuwa umeshapita juu ya mapaa na kuingia chumbani nilimoketi, pigo moja zito na mawili mepesi, na vikombe vya Senge vikaanza kutetemeka kwenye kabati lake la vioo. Senge ni dada ya baba, ndivyo tunavyomwita sisi watu wa magharibi ya nchi, na huyu wangu, Senge Truphena, alikuwa amefariki wiki hiyo akiwa na umri mkubwa na meno yake yote. Watu wa kanisa lake walikuwa wanakuja kuomba katika nyumba yake kabla ya kwenda kumchukua mochari. Walipofika waliacha viatu nje, lundo la raba na makubadhi na viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi kwa ajili ya msiba, kwa sababu kanisa lile likiomba mahali, mahali pale pamekuwa kanisa, na kanisani haingii mtu na viatu. Mchungaji alisimama karibu na cherehani ya marehemu, akasema: "Sisi sote tunavua mlangoni. Mama Truphena alikuwa anavulia nyumbani kwake. Kila Jumapili, matope, vioo vya chupa, mvua, alikuja miguu mitupu kutoka hapa hadi madhabahuni. Hakuna aliyemwamuru. Huo ni utakatifu, ndugu zangu." Watu wakasema amina. Na mimi nikasema amina, kwa kuwa hapakuwa mahali pa kusema lingine. Nikautazama mguu wangu wa kushoto uliokuwa mtupu kama miguu ya wengine, na ule mstari wa kovu unaopanda kutoka kisiginoni. Katika chumba kile kilichojaa kanzu, mimi peke yangu nilijua Jumapili ambayo Senge aliacha viatu vyake nyumbani kwa mara ya kwanza, na kwa nini.

Sitasimulia nilikozaliwa wala nilivyofika kwake. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mrefu kuliko milango ya nyumba zile, nikiinama kila ninapoingia na kila ninapotoka, na nilicheza voliboli katika timu ya kiwanda cha sabuni. Kazi ilikuja na mpira. Asubuhi nilipanga miche ya sabuni kwenye makatoni, jioni niliruka mbele ya neti, na kila mtu kiwandani alijua ninalipwa kwa sababu ya jioni. Sijui niseme vipi kuhusu kuruka kwa mtu ambaye hajawahi kupenda kuruka. Kuna kipande kidogo cha wakati, ukiwa juu, mpira ukiwa juu yako, ambapo wote walio chini wanasubiri uamuzi wako. Sikuwahi kuwa na kingine maishani ambacho watu walikisubiri kwangu. Halafu jioni moja nilirudi nyuma hatua moja ili nijipange kuruka, nikasikia nyuma yangu mlio kama ubao unaovunjwa kwa goti. Niligeuka kuona nani amenipiga teke. Hakukuwa na mtu. Achieng, aliyekuwa akinitengea mipira, alikuwa mbali kabisa, mikono kiunoni. "Neks, ni nini? Mbona unaangalia watu kama umeibiwa?" Nilitaka kumjibu, nikakanyaga, na mguu ukawa haupo.

Kano ya kisigino ilikuwa imekatika, ile kamba nene nyuma ya mguu inayokuinua unaposimama kwa vidole. Kiwanda kililipia upasuaji. Kocha Wafula alikuja wodini na machungwa kwenye mfuko wa karatasi, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, akasema nafasi yangu timuni na mahali pangu kwenye makatoni vitakaa hadi ligi itakapofunguliwa tena. "Wewe rudi unaruka, mama. Hayo mengine niachie mimi." Kwa hiyo nilijua tangu siku ile kwamba nilikuwa na ligi mbele yangu na mguu nyuma yangu, na mwaka mmoja wa kuukokota huu hadi kwenye ile.

Nyumba ya Senge ilikuwa chumba kimoja na jiko dogo la pembeni. Alikuwa mshonaji wa kanzu za kanisa, na chumba kizima kilikuwa cheupe: vitambaa juu ya kitanda, vitambaa juu ya kiti, misalaba ya nyuzi za kijani na nyekundu ikisubiri kubandikwa vifuani. Nilihamishiwa kwenye kochi karibu na dirisha, mguu juu ya mito miwili, na nikaishi miezi ile nikisikiliza cherehani mchana na bomba la maji la uwanjani asubuhi. Pale bombani ndipo nilipojifunza habari zangu. "Yule msichana mrefu amelogwa," alisema mmoja. "Alogwe na nani?" akajibu mwingine. "Aliruka akashuka vibaya. Kwani wewe ukianguka na ndoo huwa unalogwa?" Wakacheka, maji yakaendelea kujaa. Senge aliniletea ugali na omena, au mboga ya mrenda aliousonga hadi ukavutika kama uzi, na alikuwa na imani kwamba kila kilichokatika mwilini hufungwa na mrenda. "Kula. Huoni unavyoshikana?" Aliuinua kwa kijiko, ukaning'inia, akaniangalia kana kwamba hoja imekwisha.

Plasta ilipotolewa nilipewa kiatu kikubwa cha plastiki kilichofika chini ya goti, chenye mikanda, na ndani yake chini ya kisigino kulikuwa na kabari za sponji ngumu zilizopangwa moja juu ya nyingine ili mguu uelekee chini kama wa mtu aliyevaa kiatu cha mchuchumio. Kano ilishonwa ikiwa imelegezwa hivyo. Ilipaswa kupona ikiwa fupi, na kabari zitolewe moja moja, polepole. Mambo haya nilielezwa na Kioko, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika zahanati moja ndogo ya mtaa wa pili, Mkamba mwembamba aliyekataa kuitwa daktari. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha ngozi bandia kilichopasuka, kioo kirefu, na baiskeli isiyokwenda popote. "Hiki kiatu ndicho mfupa wako kwa sasa," aliniambia. "Usikanyage bila hicho. Unakivua lini?" Nikasema nikioga tu, nimeketi kwenye stuli. "Na ukilala?" Silali bila hicho. Akatikisa kichwa, ameridhika, na mimi pia niliridhika, maana nilikuwa nimesema ukweli wote niliokuwa nao.

Na hili ndilo ambalo nimejaribu kumweleza mume wangu mara kadhaa na sijafaulu. Yeye alilelewa katika kanisa la viti na kinanda. Ananiuliza, "Lakini si ulijua Jumapili unakivua?" Nilijua vile ninavyojua kwamba napumua. Jumapili Senge alinivalisha kanzu, akaniweka kwenye mkokoteni wa jirani yetu muuza maji, na msafara wa bendera na ngoma ukapita Jogoo Road huku mimi nikiwa juu kama askofu, watoto wakishangilia. Alikuwa amekishonea kile kiatu mfuko wa kitambaa cheupe wenye msalaba wa kijani ili kisiharibu sare. Tulipofika kwenye kanisa la mabati nyuma ya soko, watu wote walivua viatu, na mimi nikafungua mikanda na kuvua changu. Haikuwa kuvua kiatu. Ilikuwa kuingia. Kuna mama mmoja wa kanisa aliyependekeza siku ya kwanza kwamba, kwa kuwa kimefunikwa kanzu, labda si kiatu tena. Senge alimcheka. "Na punda nikimshonea kanzu, utamwachia mimbari?" Wote wakacheka, hata mimi, nikaingia nimemshika bega, mguu wangu mweupe uliokonda ukikanyaga sakafu ya udongo iliyonyunyiziwa maji. Sikuumia. Hilo ndilo baya kuliko yote. Ule ubaridi wa sakafu ulikuwa starehe pekee ya wiki yangu. Tulipiga magoti, tukainuka, tukapiga magoti, tukainuka. Ngoma ilipopanda na watu wakaruka, sikuruka, nilikuwa mwangalifu. Nilisimama ukutani nikikanyaga mdundo kwa kisigino, taratibu, chini kabisa, Jumapili baada ya Jumapili. Mara ya kwanza kano ilipokwenda ilipiga mlio uliosikika uwanja mzima. Mara ya pili ilikwenda bila sauti, nikiwa naimba.

Achieng alikuja kunitazama, akakaa kwenye rundo la kanzu bila kujua, akafukuzwa na Senge. "Niaje, Neks. Mguu inasemaje?" Nikasema inasema pole. "Si uharakishe basi. Wameleta manzi flani mrefu wa kutoka Mathare, anaruka kama amewekwa springi. Lakini kichwa hakuna. Nampea mpira hapa, yeye anaruka kule." Tulicheka sana. Alipoondoka nililala nikitazama dari na kumchukia msichana nisiyemjua, mwenye miguu miwili.

Kiatu kilipovuliwa kwa mara ya mwisho, Kioko alinisimamisha mbele ya ukuta. Alikuwa na jaribio lake: unasimama kwa mguu mmoja, vidole vya mikono vimegusa ukuta, unainua kisigino, naye anapitisha kipande cha gazeti chini. Gazeti likipita, umeanza. Mguu wa kulia uliinuka hata gazeti zima lingepita na habari zake zote. Kisha wa kushoto. "Inua. Usiniangalie mimi, angalia ukuta." Niliinua. Niliisikia amri ikitoka kichwani, ikishuka mgongoni, nyuma ya paja, ikifika kwenye shavu la mguu, na pale ikapotea kama mtu aliyeteremka kituo kisicho chake. Paja lilitetemeka, jasho likatoka, na kisigino kikakaa sakafuni kana kwamba hakuna aliyekisemesha. "Bado ni mapema," alisema Kioko. Alisema hivyo wiki iliyofuata pia, na nyingine. Halafu akaacha kusema, akawa ananilaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, akiutazama mmoja na mwingine kwa muda mrefu. Wa kulia ulielekea chini. Wa kushoto ulisimama wima, kama wa mtu anayesubiri kuvalishwa soksi.

Siku Senge aliyonisindikiza, alikuwa amebeba mkungu mdogo wa ndizi wa kumshukuru mtaalamu. Aliketi kwenye baiskeli isiyokwenda kwa kuwa kiti kilijaa makaratasi, akaanza kunisifu, maana alihisi chumba kimenyamaza na alikuwa mtu asiyeacha chumba kinyamaze. "Huyu mtoto ni mvumilivu. Na hajakosa kanisa Jumapili hata moja. Anaingia miguu mitupu kama sisi wote, hata na huo ugonjwa."

Kioko alikuwa ameinama. Akainuka. "Miguu mitupu yote miwili, mama?"

"Kwani Mungu anaachiwa mmoja nje?"

Hakucheka. Aliuliza, kwa upole ambao sijausahau, ibada huwa ndefu kiasi gani, na Senge, bado ana fahari, akasema tukiingia asubuhi tunatoka kula cha jioni. Kioko akaketi kwenye stuli yake. Alituuliza kama tunaona kamba za nguo pale uwanjani kwetu. Tukasema tunaziona. Akasema kamba mpya ukiianikia nguo nzito kabla haijakazwa vizuri haikatiki. Inalegea tu, nguo zinagusa chini, na ukiitazama ni kamba nzima, haina kasoro. "Yake imeshikana. Lakini imeshikana ikiwa ndefu. Misuli inavuta, inavuta, haifiki mwisho wa kamba." Mimi nilikuwa bado natafuta maana. Senge alikuwa ameshaipata. Niliona macho yake yakishuka, yakakaa kwenye kanyagio za ile baiskeli. Akauliza: "Sasa mtu anaikaza vipi?"

"Wanafungua tena, wanakata, wanashona upya. Na hata hivyo mimi siwezi kumwahidi kuruka."

Kiwanda kilikuwa kimelipia mguu mmoja mara moja. Hakuna aliyetaja hilo, sote watatu tulilijua. Kioko hakutulaumu. Nadhani ingekuwa rahisi kama angetulaumu, tungeweza kumkasirikia njiani. Alisema tu, akizigeuza zile ndizi mikononi, kwamba miaka yote hajawahi kufikiria kuuliza kuhusu kanisa.

Kuanzia hapo Senge hakushona jioni. Alipiga magoti nyuma yangu, mimi nikiwa nimeelekea ukutani, na kushika kipande cha gazeti. Gazeti lilipokataa, alichukua kitambaa cha kanzu, chepesi zaidi. Kitambaa kilipokataa, alichukua uzi. Ninaikumbuka harufu ya mafuta ya cherehani nywelani mwake, na pumzi yake kwenye shavu la mguu wangu, na redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo. "Inua, mama. Inua tena. Fikiria mpira." Jioni moja akasema, "Umepita." Sikusogea. "Uzi umepita, Nekesa, nimeuona." Lakini ukuta ule ulikuwa na kioo kidogo cha kuchania nywele, na ndani yake nilikuwa nimemwona akiuzungusha uzi kwa ubavuni, polepole, na kuutoa upande wa pili. Nikasema, "Asante, Senge." Akasema, "Usinishukuru mimi." Tukala. Mrenda siku hiyo haukuwepo mezani, wala haukurudi tena mwaka ule.

Kocha Wafula alikuja Jumamosi, ligi ikiwa inakaribia kufunguliwa. Senge alitandika kitambaa kipya juu ya meza, akaleta chai ya maziwa na nduma zilizochemshwa, akamuuliza habari za watu wake wote mmoja mmoja hadi chai ikaisha. Ndipo Kocha akasema, "Haya, Nekesa. Hebu tuone." Nilisimama ukutani. Hakuhitaji gazeti wala uzi, alikuwa amewatazama wachezaji wakiruka nusu ya maisha yake. Nilijaribu mara moja, kwa kila kitu nilichokuwa nacho, na nikasikia nyuma yangu kikombe kikiwekwa kwenye kisahani. "Basi," alisema. "Basi, mama. Pumzika." Alimweleza Senge, si mimi, kwamba amejaribu kuzungumza na ofisi, na ofisi imesema makatoni ni ya wachezaji. Senge alisema ndiyo. Akamfungia nduma zilizobaki kwenye karatasi, akampa, na Kocha akazipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea rambirambi.

Watu hunitarajia niseme kwamba nilipata kitu kingine. Nilipata kazi, nilipata mume, nina watoto warefu. Lakini hadi leo nikitaka kitu kilicho kwenye rafu ya juu naleta stuli, mimi niliyekuwa nikigusa dari ya nyumba za kanjo nikiwa nimesimama kwa vidole, na kwenye ngazi mguu mmoja hufanya kazi na mwingine hufuata. Hakuna kilichojaza mahali pale hewani.

Kesho yake baada ya Kocha kuja ilikuwa Jumapili. Niliamka nikiwa nimeamua kukaa kochini, nikasubiri Senge anibishie ili nimwambie yote. Hakunibishia. Alioga, akavaa kanzu, akafunga kilemba chenye msalaba. Mkokoteni haukuja; hakuwa ameuita. Alipiga magoti kidogo katikati ya chumba, kisha akanijia, akaushika mguu wangu wa kushoto ndani ya blanketi kama anavyoshikwa kuku anayepimwa uzito, akauachia. "Uji uko jikoni," alisema. "Ule."

"Nitakula, Senge."

Viatu vyake, vile vyeusi vya kamba alivyovipiga rangi kila Jumamosi, vilikuwa pale mahali pake karibu na mlango, vimeelekea nje. Alivitazama. Mvua ilikuwa imenyesha, na nje uwanja ulikuwa tope tupu, na mbali, upande wa soko, ngoma ilikuwa imeanza kuita. Akavivuka. Nilidhani amesahau, nikafungua mdomo nimwambie, ndipo nikaiona shingo yake ilivyokakamaa na nikaufunga. Alitoka. Nilisikiliza nyayo zake uwanjani, kwa mazoea, zile nyayo nzito ambazo zilikuwa zikinijulisha anapokwenda na anaporudi. Sikusikia kitu. Nilisikia mlango tu, aliourudisha nyuma yake taratibu hadi ukafungika.